Mchunga wa Baba na Chiriku wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja kukaa kwetu Ipuli kwa wiki mbili, na naamini hata yeye mwenyewe alidhani hivyo. Mvua zilikuwa zimeangusha ukuta wa nyuma wa nyumba yake ya mjini, nyumba ya zamani ya udongo aliyoachiwa na marehemu mumewe, na fundi alimhakikishia kwamba kazi ile ni ndogo tu. Akaja na sanduku la nguo, msala wake, birika la kahawa ambalo hakumruhusu mtu mwingine kulishika, na tundu la fito lenye chiriku mmoja. Mafundi wetu ni watu wenye huruma. Hawakuambii neno la kukuhuzunisha. Mvua zilikatika, jua likakausha matope yote ya Tabora, na kazi ikaendelea kuwa ndogo huku ukuta ukiendelea kuwa chini.

Tatizo halikuwa yeye. Tatizo ni kwamba nyumba yetu ilikuwa tayari ina mzee mmoja, na mzee huyo ni baba yangu.

Baba alifanya kazi ya reli tangu ujana wake mpaka kustaafu, na muda mwingi alikuwa kituo cha Bukene, akizipungia bendera treni za Mwanza. Mama alipofariki nilimbembeleza ahamie kwetu. Alikubali kwa sharti moja: apewe kipande cha uwanja nyuma ya jiko, na asiulizwe anakifanyia nini. Nikadhani atalima mahindi, au viazi vitamu. Alilima mchunga.

Kwa asiyeufahamu, mchunga ni majani ya porini, marefu, yenye meno pembeni, yanayotoa utomvu mweupe kama maziwa ukiyachuma. Ni machungu kiasi kwamba ukiyala unajiuliza nani aliyekukosea. Mizizi yake inatambaa chini kwa chini, na ukiung'oa hapa unakusalimia pale. Wakulima wote ninaowajua wanaung'oa mchunga ili mahindi yapate nafasi. Baba alikuwa mkulima wa kwanza niliyemwona akiyang'oa mahindi ili mchunga upate nafasi. Aliuchemsha, akamwaga maji ya kwanza, akaupika kwa karanga, akala na ugali huku amefumba macho kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Mume wangu ni dereva wa lori la mchele. Alipopata habari kwamba mama yake na baba mkwe wake watakaa chini ya paa moja, ghafla alianza kupata safari nyingi kuliko miaka yote ya ndoa yetu. "Kazi zimechanganya," aliniambia kwenye simu kutoka Igunga, kwa sauti ya mtu aliyenusurika.

Asubuhi ya kwanza walikutana ukumbini, mama mkwe akitoka kuswali, baba akielekea kwenye majani yake. Wakasimama. Kila mmoja akangoja aamkiwe. Hakuna aliyejua nani mkubwa. Baba hana cheti cha kuzaliwa. Anachojua ni kwamba alizaliwa wakati wa nzige. Mama mkwe tarehe yake anayo, ila haisemi. Zaidi ya hapo, yeye alijihesabu mama wa mwanamume, aliyekuja kwa mwanawe, na baba alijihesabu mtoa mke, aliyetangulia kufika. Nikiwa mlangoni na kikombe cha chai mkononi, niliwaona wanatazamana mpaka nikaogopa chai itapoa.

"Umeamkaje, mkwe?" baba akasema hatimaye.

"Salama, mkwe. Wewe?"

"Salama."

Basi shikamoo haikupita kati yao siku hiyo wala siku yoyote niliyoishuhudia. Heshima ilikuwa nyingi mno, ikakosa pa kupitia.

Ugomvi ulianza na chiriku. Mama mkwe alilitundika lile tundu kwenye kibaraza cha mbele, akawa anamlisha ulezi kwa ncha za vidole. Ni ndege mdogo, kifua cha njano, na kamstari keusi karibu na jicho kama mwanamke aliyejipaka wanja akiwa na haraka. Alianza kuimba kabla ya adhana, na alipoanza hakuwa na nukta wala mkato. Baba, ambaye alikuwa amelala vizuri miaka yote kandokando ya reli, treni za mizigo zikitetemesha vitanda, alitoka chumbani macho mekundu.

"Mkwe, samahani. Huyu ndege ana kazi gani?"

"Anaimba."

"Naam, hilo nimelisikia. Nauliza kazi."

Mama mkwe akatabasamu, tabasamu la watu wa mjini ambalo linakukaribisha na kukufungia mlango kwa wakati mmoja. "Na yale magugu yako, mkwe, yana kazi gani?"

"Yale ni mboga. Na ni dawa."

"Ya nini?"

"Uliza maradhi isiyoyatibu."

Tangu siku hiyo kila alasiri ilikuwa ni hayo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimesimamia midahalo mingi ya watoto: kati ya mwalimu na daktari nani bora, kati ya ng'ombe na trekta kipi kina manufaa. Shuleni kuna kengele, na mdahalo unakwisha. Nyumbani nilikuta mdahalo usio na kengele, na wasemaji wake hawakuhitaji mwenyekiti. Walikaa kibarazani, yeye na kahawa yake, baba na uji wake, wakashindanisha jani na ndege.

Baba alisema mchunga hauhitaji kulishwa. Unaota wenyewe kwenye udongo ambao hata mtama unaukataa. Mama mkwe akasema ndiyo sifa ya magugu yote. Baba akasema jani linakaa mahali pake, halisumbui usingizi wa mtu. Mama mkwe akasema hata jiwe linakaa mahali pake. Akaongeza kwamba chiriku anamtambua. Akisikia kandambili zake anarukaruka. "Majani yako yanakutambua?" Baba akafikiri, kisha akasema yanamtambua vizuri sana, ndiyo maana kila akiyachuma yanarudi.

Hata historia ikaingizwa. Mama mkwe alipenda kusema kwamba wazee wake walifika Tabora na misafara kutoka pwani, wakiwa na vitambaa, na vitabu, na ndege wa kuimba kwenye matundu, maana waungwana walipenda sauti nzuri nyumbani. Kuhusu ndege sijui kama ni kweli. Nilimsikia akiwaongeza kwenye hadithi wiki ile ile.

"Ni kweli kabisa, mkwe," baba akamjibu. "Wazee wangu nao walikuja na misafara hiyohiyo. Ila wao walikuwa chini ya mizigo. Na kwa kuwa waungwana walikuwa wanasikiliza ndege, wapagazi walikuwa wanachuma mchunga njiani wapate kula."

Mama mkwe akamwaga kahawa yake chini, ingawa niliona kikombe kilikuwa bado nusu.

Majirani wakapata habari. Mama wa nyumba ya pili, muuza vitumbua, alikuwa upande wa ndege. Mumewe, ambaye ni fundi baiskeli na ana tumbo linalomsumbua, alikuwa upande wa mchunga, akawa anapita kuomba fungu jioni. Nilisikia watu niliokuwa siwajui wakiniuliza sokoni, "Mwalimu, wazee hawajambo? Nani anaongoza?"

Kisha baba akaugua malaria. Nilimpeleka hospitali, akapimwa, akapewa dawa, nami nikasimama juu yake mpaka akazimaliza. Siku zote hizo alikuwa anakunywa pia maji ya mchunga, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Alipopata nafuu akatoka kibarazani amejifunga shuka, amekonda, amejaa ushindi.

"Mkwe, umeona?"

"Nimeona, mkwe. Nimeona pakiti ya vidonge mezani."

"Vile vilisaidia kidogo," baba akakubali.

Lakini katika ule ugonjwa kuna kitu nilikiona, na sikukisema. Siku baba alipokuwa na homa kali, mama mkwe aliliondoa tundu kibarazani, akalipeleka nyuma ya jiko, mbali na dirisha la mgonjwa. "Kuna upepo mzuri huku," aliniambia kabla sijauliza. Akalitundika kwenye mti wa kamba ya nguo, juu kidogo ya bustani ya baba. Mchunga ulikuwa umeshatoa maua yake madogo ya njano na mengine yamekwisha kukomaa kuwa vishada vya mbegu zenye manyoya meupe. Upepo ukipita yalipeperuka kama pamba iliyochambuliwa. Jioni yake nilimkuta mama mkwe amesimama mbele ya tundu, mikono kiunoni. Chiriku alikuwa ameingiza kichwa kati ya fito, amelivuta shina, na mdomo wake wote ulikuwa mweupe manyoya. Ulezi ulikuwa haujaguswa.

"Ana adabu mbaya huyu," mama mkwe akasema.

Hata baba alipopona, tundu halikurudi kibarazani. Upepo wa nyuma, niliambiwa, bado ulikuwa mzuri.

Ikaja kampeni ya usafi. Ilitangazwa kwa kipaza sauti mtaani kwamba kila nyumba ifyeke nyasi na kufukia madimbwi, na bwana afya atapita kukagua. Alipita kweli, Jumamosi moja, kijana mtanashati mwenye buti safi kuliko kazi yake, akiwa na mwenyekiti wa mtaa nyuma yake. Mbele ya nyumba alisifu. Nyuma ya jiko akasimama.

"Haya magugu ya nani?"

"Ni mboga," nikasema.

"Mwalimu, hayo ni magugu. Kichaka hiki ni maficho ya mbu na nyoka. Yang'olewe yote leo."

Nilimtazama baba, nikitegemea kusikia hotuba ambayo sote tulikuwa tumeshaikariri. Hakutoa hotuba. Baba maisha yake yote alikuwa mtu wa amri: bendera nyekundu ni nyekundu, kijani ni kijani, na mtu wa serikali akisema simama, unasimama. Mabega yakamshuka. "Sawa, bwana afya," akasema kwa sauti ndogo, akaenda kuchukua jembe lililoegemezwa ukutani. Kumwona anatembea vile kuliniuma kuliko kumwona na homa.

"Magugu gani?"

Alikuwa mama mkwe. Alikuwa ametoka jikoni, khanga imemwanguka begani.

"Haya, mama."

"Hiyo ni bustani. Dawa na mboga. Tunakula hapa kila siku."

Sikuwa nimewahi kumwona akila mchunga. Alikuwa ameniomba hata sufuria lake lisitumike kuuchemshia.

"Mama, hata kwetu haya tunang'oa," bwana afya akasema kwa upole.

"Basi kwenu hawajui kula."

Mwenyekiti wa mtaa akakohoa. Bwana afya akacheka kidogo, akasema, "Haya, tuseme ni mboga. Nani ameipanda?"

"Mkwe wangu. Na mimi namsaidia."

Kisha, kwa kuwa yule kijana bado alikuwa anatabasamu, mama mkwe akainama, akachuma jani moja kubwa, bichi, utomvu unadondoka, akalitia mdomoni. Akalitafuna. Uso wake haukusogea hata kidogo. Macho tu ndiyo yalijaa maji, akayaacha yajae, akaendelea kutafuna huku anamtazama kijana usoni mpaka akameza.

Bwana afya alikuwa ameshindwa, nadhani alijua, na aliyeshindwa hutafuta pengine pa kushika. Akaliona tundu.

"Na huyu ndege? Ni ndege wa porini huyu. Mna kibali cha kumfuga? Watu wa maliasili wakimkuta hapa ni kesi."

Mama mkwe akalishika tundu kwa mikono miwili. Macho yake bado yalikuwa na maji, na sidhani kama ulikuwa ni uchungu wa jani peke yake. Ndege yule alikuwa wa marehemu mumewe. Marehemu alikuwa akimlisha kwa mkono wake hata siku za mwisho, alipokuwa haamki tena kitandani. Hilo nilikuwa nalijua. Baba hakuwahi kuambiwa.

Baba akaliweka jembe chini.

"Huyo mgonjwa," akasema.

"Anaumwa nini?"

"Bawa. Tumemwokota. Tunamtibu, akipona tunamwachia."

Baba yangu, ambaye miaka yote ya kazi hakuwahi kusema treni imefika kabla haijafika, alisema hivyo bila kupepesa. Na ndege naye, kama amesubiri aitwe, akajinyoosha kwenye kijiti chake, akatoa wimbo mrefu, safi, wenye afya tele.

"Mbona anaimba hivyo?" bwana afya akauliza.

"Ni maumivu hayo," baba akasema.

Mwenyekiti wa mtaa akageuka kutazama ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Bwana afya akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaona hakuna mtu wa kumsaidia. "Punguzeni kichaka hicho kiwe na mpaka," akasema. "Na mgonjwa akipona, mwachieni. Nitapita tena."

Walipoondoka, mama mkwe alikwenda bombani, akasukutua mdomo mara nyingi sana. Aliporudi akakaa kwenye ngazi ya jiko, si kibarazani kwenye kiti chake.

"Mkwe," akasema, "kweli kabisa, mnakula kitu hiki kwa hiari yenu?"

Baba akaanza kucheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mama yangu afariki nimsikie akicheka hivyo, kwa tumbo. Mama mkwe akajaribu kujizuia, akashindwa.

Ile ahadi ikabaki imekaa kati yetu. Bawa lisilougua lilichukua muda mrefu kupona. Kila siku mama mkwe alisema labda kesho. Hatimaye alasiri moja akasema yeye mwenyewe, "Mkwe, njoo." Akalishusha tundu, akaliweka chini kwenye ukingo wa mchunga, akafungua kamlango.

Chiriku akaja mlangoni, akatazama nje, akarudi ndani kula ulezi. Tukangoja. Baba akanong'ona kwamba ndege huyu amezoea kulipiwa pango. Kisha ndege akatoka, akaruka hadi kwenye shina la mchunga, likainama kwa uzito wake, akavuta mbegu mbili tatu. Akapanda ukutani. Akapanda mpapai wa jirani. Halafu hatukumwona tena.

"Atarudi?" mama mkwe akauliza.

Baba, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akautazama mpapai. "Sijui, mkwe," akasema.

Kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa kimya hadi asubuhi, na wote tulilala vibaya. Halafu chiriku wakaanza kuja kwenye mbegu. Mmoja, kisha kundi. Mama mkwe akamwona mmoja ukutani, akasimama ghafla. "Yule! Ndiye!"

"Ndiye, mkwe," baba akasema.

Kesho yake ndiye alikuwa mwingine, mnene zaidi. "Amenenepa," mama mkwe akasema. "Amenenepa," baba akakubali. Siku nyingine ndiye alikuwa wa rangi iliyopauka, na kwa ninavyofundisha darasani, alikuwa jike. Nilifungua mdomo niseme. Baba akanitazama, nikaufunga.

Bwana afya alirudi kama alivyoahidi. Akaona mpaka wa bustani umenyooshwa kwa matofali, akaona tundu tupu. "Mgonjwa?"

"Alipona," mama mkwe akasema.

"Mlimtibu kwa nini?"

"Kwa mchunga."

Aliondoka na fungu moja ndani ya mfuko, alisema ni la mama yake.

Hatimaye ukuta wa mjini ukasimama, fundi akishangaa pamoja nasi. Mama mkwe akafunga sanduku lake. Alilichukua na tundu, tupu vile vile. Mume wangu safari zikampungua, akarudi nyumbani, akaniuliza mbona mzee amekuwa mkimya. Sikujua nimwelezeje kwamba baba amekosa mtu wa kumbishia. Alikuwa anachuma mchunga wake, anaula, hafumbi macho.

Ikapita wiki, akaniambia, "Binti yangu, si vizuri kutomjulia hali mkwe." Akavaa shati la kazi yake ya zamani ya reli, lililopigwa pasi. Mkononi alibeba kopo la rangi lililojaa udongo, mizizi ya mchunga ndani yake.

Mama mkwe alitupokea mlangoni kwake mjini. Akalitazama kopo kwa muda. "Hili nitalitupa," akasema, akaenda kuliweka uani, penye jua. Aliporudi akaleta kahawa yenye tangawizi, na kashata. Baba akaonja, akaweka kikombe chini polepole.

"Kahawa nzuri, mkwe. Lakini mtu aliyewahi kunywa togwa ya Bukene..."

"Togwa?" mama mkwe akasema, akavuta kiti chake karibu. "Yale maji ya mtama?"

Nikawaaga. Sidhani kama walinisikia.